Sahani Yenye Tone Jekundu

Eufrazia wa Kibaoni alivuta kiko kuliko mumewe Ambrosi, na wala hakuona haya. Akipalilia mpunga, kiko mdomoni. Akitoka misani, kiko. Basi mwaka wa sabini na tano kikohozi kilipomshika kikakataa kumwachia, watu walicheka kwanza. Alipotema damu, kicheko kikakoma.

Mganga wa zahanati alisema ni kifua kikuu. Akaanzishiwa sindano, na nyumbani akajengewa kibanda nyuma ya jiko. Sahani yake ya bati ikatiwa tone la rangi nyekundu isije ikachanganyika na za wenzake. Ambrosi alimletea chakula, akakiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo akamsalimu. Hakuwa mtu mbaya. Aliagizwa hivyo, naye akatii. Lakini kula peke yako mwaka mzima, huku unawasikia wanawake wenzako wakicheka kuzunguka ugali mmoja, hiyo ni adhabu. Eufrazia alilia kuliko alivyokohoa.

Sindano zikaisha, kikohozi kikabaki. Akapandishwa treni Mpanda, kupitia Kaliua, mpaka hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Huko walimpiga picha ya kifua, wakamlaza chini ya mashine ya mionzi, jambo ambalo marehemu mama yake asingelisadiki. Damu ikakoma, pumzi ikarudi kidogo. Daktari akamweleza bila kuzunguka.

"Mama, hiki si kifua kikuu. Ni kansa ya mapafu. Haimwambukizi mtu."

"Inapona?"

"Mionzi imekupunguzia. Kuiondoa yote, bado hatuwezi. Labda watakaokuja nyuma yetu."

Njia nzima ya kurudi aliyapima maneno yale, lipi aseme, lipi ameze. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo aliijua tangu utoto. Lakini alikuwa na njaa ya watu, na njaa haisikilizi methali.

"Si tibii," aliwatangazia uani. "Haiambukizi."

Vigelegele! Wifi yake Capitoline akasonga ugali, akapakua samaki, wanawake wakakaa mkekani. Kisha akamletea Eufrazia chakula chake pembeni, kwenye sahani yenye tone jekundu.

"Mazoea tu, wifi," alisema bila kumtazama. Wala hakuibadilisha.

Eufrazia alikaa palepale pembeni. Aliona amesafiri kote kule bure.

Ndipo Ambrosi akainuka kwenye mkeka wa wanaume. Mwanamume kula sahani moja na mkewe mbele za watu, hilo pale kijijini halikuwa desturi. Akanawa, akachuchumaa mbele yake, akamega tonge kwenye sahani ileile, akachovya, akatafuna polepole.

"Mama Romana," alisema kwa sauti ya chini, "umetuambia haiambukizi. Hujatuambia inapona."

Eufrazia akamsogezea kipande cha samaki chenye mnofu.

"Kula kwanza, baba Romana."