Pipa la Mafuta ya Ndege

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Bariadi kugombea pamba, mimi nilikuwa mtunza stoo wa mmoja wao. Bosi wangu alikodi ndege ndogo ya kumzungusha vijijini, akanituma Mwanza nilete pipa la mafuta yake. Nilimhakikishia kwamba mambo ya ndege nayajua.

"Unataka ya aina gani?" muuzaji aliniuliza.

Sikujua kama yana aina, na niliona aibu kusema hivyo. Nikauliza ndege kubwa za abiria hutumia yapi. Akanionyesha Jet A-1, meupe kama maji. Pembeni yalikuwepo mengine ya buluu, nikayadharau, nikidhani yametiwa rangi ili kudanganya wateja.

Siku ya safari, watu wa kijiji cha Sapiwi walikuja kwa wingi kuiona ndege. Nilimsogezea rubani pipa kwa madaha. Alichovya kidole, akanusa, akaniangalia.

"Haya ni ya injini za jeti, jamii ya mafuta ya taa. Ndege yangu inataka petroli ya ndege, ile ya buluu. Ningejaza haya, injini ingezima tukiwa angani."

Bosi, aliyekwisha kufunga mkanda, alishuka taratibu. "Si ulisema unayajua?"

Watu walitaka kujua kwa nini ndege hairuki, bosi akawaeleza kwa Kisukuma, kwa sauti, bila kuacha neno. Bibi mmoja akanisogelea na chupa mkononi, akaniuliza kwa upole kama ningemmiminia kidogo ya koroboi.