Jiwe la Kisima cha Sabiha

Wifi yangu Sabiha aliletwa kwetu bibi harusi mbishi, na mbishi akabaki. Kaka yangu alipofariki alimwachia kondoo arobaini na kisima kimoja, shimo la kukinga mvua lililochongwa mwambani na babu wa babu yetu. Kisima hicho ndicho kilichotuweka pale kilimani, kusini ya Yatta, mji wa Waarabu wenzetu. Bomba la maji linapita chini yetu kwenda kwa walowezi wa Kiyahudi, na sisi hatuna ruhusa hata ya kulitemea mate.

Sabiha ndiye aliyetuletea Tirtza, mwalimu mstaafu wa Kiyahudi kutoka Beer Sheva. Kila Jumatano wanawake wetu sita na wao wanne walikaa chumbani kwa Sabiha, wakitunga barua na kuwabembeleza wakubwa kwa simu.

“Utawanywesha kondoo barua?” nilimcheka.

“Na huo ulimi wako umeshamnywesha nani, wifi?”

Miaka miwili baadaye nilifunga mdomo, maana barua hizo zilifungua lango la barabara lililokuwa limefungwa na wanajeshi, na boza la maji likaanza kupita mara mbili kwa wiki, likimimina kisimani. Hakuna mwanamume wala chama kilichowahi kutufanyia hilo.

Kilichotumaliza ni shukrani. Kwa sheria ya jeshi, kisima cha zamani hakiguswi. Kipya kinataka kibali, la sivyo kinavunjwa, na kibali kwetu hakitoki. Ukongwe wa kisima unauona mdomoni, kwenye jiwe la duara lililolika mifereji kwa kamba za miaka na miaka. La kwetu lilikuwa na mifereji kumi na mmoja, unazamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Kisima kilipoanza kuvuja, wale wanawake wa Jumatano walichanga saruji, wakapiga lipu kwa mikono yao, wakaweka mfuniko wa chuma ili watoto wasitumbukie. Jiwe likabaki pembeni, halina kazi.

Tirtza alilipapasa. “Dada, jiwe zuri hili!”

Kwetu mgeni akisifu kitu, ni chake. Sabiha akaita wanaume walipakie garini. Tirtza alikataa mara tatu, kama adabu inavyotaka, mara ya nne akakubali. Mimi nilikuwepo, na vigelegele nilipiga.

Novemba, kabla ya mvua, mkaguzi wa vibali alikuja na wanajeshi. Akaona lipu nyeupe na chuma kinachong'aa.

“Kisima kipya,” akasema.

“Kina umri mkubwa kuliko nchi yako!” Sabiha akamjia juu.

“Nionyeshe.”

Jiwe lilikuwa limeshaondoka. Picha hatukuwa nazo; nani hupiga picha kisima? Akabandika karatasi ya amri: siku kumi, kisha kivunjwe.

Tirtza alilirudisha jiwe mbio, likiwa bado na udongo wa maua yake, akaenda nalo garini mpaka ofisi ya vibali pamoja na Sabiha. Ofisa alilitazama kupitia dirishani bila kuinuka.

“Limetoka wapi, bibi?”

“Bustanini kwangu. Lakini nilipewa na—”

“Basi umeshajibu mwenyewe.”

Nasikia Tirtza alipiga kelele, akalia, akataja majina ya wakubwa aliowajua.

Tingatinga lilikuja Jumanne. Lilivunja mdomo wa kisima, likakijaza vifusi, likaondoka. Halikumaliza hata nusu saa. Nilimtukana dereva mpaka sauti ikanikauka. Nilimtukana na Tirtza pia, ingawa hakuwepo, na nilijua namwonea.

Kesho yake, Jumatano, Tirtza akaja peke yake. Sabiha alimfungulia mlango, akamkalisha kwenye godoro la wageni.

“Nisamehe, dada.”

“Umekosa nini wewe? Aliyetoa ni mimi.”

“Tuandike tena. Tukate rufaa.”

“Andika. Mimi nauza kondoo.”

Nilisubiri Sabiha aniambie nibandike chai. Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Nyumba ile, tangu niijue, haikuwahi kumtoa mgeni na koo kavu. Tirtza alisubiri kidogo, akaelewa, akachukua mkoba wake.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, mvua ya kushiba kweli, ikateremka yote bondeni mbele ya macho yetu. Sabiha alisimama mlangoni akaitazama mpaka ikakatika. Kisha akaingia ndani, akaanza kufungasha.