Kiungio Ambacho Mume Wangu Alitaka Nikibebe Peke Yangu

Mume wangu alinisimamisha katikati ya duka la vipuri, wateja wanatutazama, akasema, "Noreen, hebu nyanyua hicho chuma."

Nikadhani anatania.

"Verlin, umechanganyikiwa? Mimi ni bibi wa watu!"

"Nyanyua tu, mke wangu. Nataka nione."

Hapo ndipo amani ilipoanza kunitoka.

Ngoja niwaeleze. Verlin alipostaafu tuliuza nyumba yetu Missouri, tukanunua trela la kuishi. Kitanda humo, jiko humo, choo humo. Ni yale makubwa ambayo pua yake inapanda juu ya bodi ya pikapu. Pini yake nene inaingia kwenye kiungio kilichofungwa humo ndani, mataya ya chuma yanaibana, safari inaanza.

Baridi ikiingia tuko Arizona. Joto likizidi tuko Montana. Mimi kutulia sijui. Mahali nikishapajua, napachoka.

Sasa tunakaribia mji wa Amarillo, kiungio kikaanza kugonga. Kila breki, ngwaa! Fundi akachungulia, akasema mataya yamelika, iko siku trela litachomoka tukiwa kwenye mwendo.

Ndiyo maana tulikuwa dukani.

Muuzaji, jamaa mmoja wa kofia pana aitwaye Dwayne, alianza na kizito.

"Hiki, mzee, ndicho baba lao. Kinabana pini pande zote, hukisikii hata kikikohoa."

"Na kukitoa kwenye gari, ukitaka kubeba mizigo?" Verlin akauliza.

"Watu wawili. Na mmoja awe ameshiba."

"Sitaki. Nataka kile ambacho mtu mmoja anakitoa. Mtu wa kimo cha huyu." Akaninyooshea kidole.

Dwayne akanitazama, akamtazama yeye. Akatuletea cha alumini, kinachotoka vipande viwili.

"Trela lenu kinalimudu bila shida. Ila kwenye barabara mbovu kitawarusharusha kidogo."

"Hicho hicho."

Jamani, huyu ni mwanaume ambaye hata kamba ya kuanikia nguo hununua ya kufungia ng'ombe dume! Leo anachagua chepesi?

Nikanyanyua. Kipande cha kwanza, cha pili. Wateja wakapiga makofi.

Verlin hakucheka.

Asubuhi yake, kwenye kambi ya matrela, akaweka kiti kivulini akakaa.

"Funga trela mwenyewe."

Nikarudisha pikapu nyuma taratibu. Nikalinganisha kimo cha pini na kiungio. Mataya yakafunga, kaa! Nikatia pini ya usalama, nikachomeka waya wa taa na wa breki, nikapandisha miguu ya trela, nikavuta kidogo kuhakikisha limeshika.

"Fungua. Anza tena."

"Verlin, mbona unanitesa?"

"Tena, Noreen."

Jirani yetu Opal, mjane anayesafiri na paka wake, alikuwa anatuangalia. Nilipokwenda kuchota maji akaniambia kwa sauti ya chini, "Marehemu wangu naye alinifundisha hivyo hivyo. Miezi miwili baadaye nikamzika."

Presha ikapanda hapo hapo.

Nikarudi ndani ya trela mbio nikapekua mkoba wa Verlin. Soksi. Miwani. Vidonge vyake vya siku zote vya presha. Nikapekua mpaka chini ya godoro. Hakuna kitu.

Mchana nikamwekea bakuli la maharage na nyama, nikashindwa kuvumilia.

"Ni kansa?"

Akapaliwa. "Kansa gani tena?"

"Usinifanye boya, Verlin! Kiungio chepesi, mafunzo, hucheki. Unakufa lini?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Siumwi. Nimechoka, Noreen. Nataka kuamka nione dirisha lile lile. Nataka kupanda nyanya na niwepo zikiiva. Dada yangu Wilma kule Missouri ana kile kijumba nyuma ya nyumba yake, kanikaribisha."

"Kwa hiyo unaniacha?"

"Sikuachi. Nakuachia trela na njia."

Nikalisukuma bakuli kando.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekaa kwa ajili yangu. Na kabla ya Krismasi tungekuwa tunarushiana sahani."

Nilikasirika, msinione mwema. Nikazunguka kambi yote naongea peke yangu. Nikarudi nikamwambia, "Ulitakiwa kuniuliza kabla ya kunibebesha chuma mbele za watu."

"Kweli. Nisamehe."

Tukaenda Missouri. Nikamsaidia kupanga nguo zake kwenye kile kijumba. Siku ya kuondoka nililifunga trela mwenyewe, yeye kasimama na Wilma, mikono mifukoni, anajizuia kuja kunisaidia.

New Mexico upepo ulinichapa mpaka viganja vikalowa jasho kwenye usukani. Nikafika Arizona peke yangu.

Masika nikarudi. Nikamkuta kanenepa, kucha zimejaa udongo, anapiga mluzi. Mluzi! Miaka sijausikia, na sikuwahi hata kujiuliza ulikwenda wapi.

Watu wanauliza kama tumeachana. Hatujaachana. Nakaa naye, nikitaka naondoka, nikirudi mlango uko wazi.

Ninachowaambia ni hiki: mwenzako akinyamaza, muulize kachoka na nini. Muulize mapema. Mimi nilipekua mkoba wa mume wangu nikitafuta kifo, kumbe mwenzangu alikuwa anataka nyanya tu.