Mawe ya Heshima ya Dionis

Atokaye Tabora mjini huidhani nchi yote tambarare, mpaka aupite mji mdogo wa Puge na kukutana na vilima vya mawe vimesimama bega kwa bega. Katikati yake pana upenyo mmoja tu. Wapagazi wa misafara ya zamani walipenya hapo na mizigo yao, na kila mmoja aliweka jiwe kando ya njia kuomba usalama wa safari. Kijiji alikoolewa mwanamke aitwaye Katarina kiko ng'ambo ya upenyo huo.

Gari halikuwahi kufika kijijini, maana jabali lilikaa katikati ya njia. Mjamzito akishikwa na uchungu alibebwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wakihangaika kumpitisha juu ya jabali. Hapo ndipo Katarina alipompoteza mtoto wake wa kwanza, na mumewe, Dionis, akaapa kulivunja. Kila kiangazi alilikokea moto wa magogo, likishika joto akalimwagia maji lipasuke, kisha akaingia na nyundo. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Kipande cha mwisho kilipopasuka, kilimwangukia kifuani kikamuua.

Njia ikawa wazi. Lakini kijiji kilimpenda Dionis, nacho kikafanya kilichozoea: kila aliyepita aliweka jiwe la heshima pale alipofia. Wanawake watokao gulioni, wachungaji wa ng'ombe, wanakwaya wa Moravian, wote. Masele, kaka wa marehemu, alileta makubwa kwa mkokoteni. Mvua zilipokatika, rundo lilikuwa limeziba upenyo wote. Heshima gani hii, jamani?

Katarina aliliona, akanyamaza. Kila jiwe lilimwambia kwamba mumewe hajasahauliwa, na mjane hashibi maneno hayo. Ikawa hivyo mpaka jirani yake Levina aliposhikwa na uchungu. Wabebaji waliteleza juu ya rundo, kitanda kikapinduka. Levina alipona. Mtoto hakupona.

Asubuhi baada ya maziko ya kile kichanga, Katarina alichukua nyundo ya mumewe, akaanza kuliponda rundo na kutandaza kokoto njiani. Habari zilimfikia Masele, akaja mbio kwa hasira. Alimwambia kuwa kuondoa jiwe la marehemu ni kumfukua, na kwamba ukoo hautamsamehe.

Katarina hakuinuka. "Shemeji," alisema, "mdogo wako hakufa akitafuta kaburi. Alikufa akitafuta njia. Na sisi tumemzibia, mimi wa kwanza, kwa kunyamaza."

Masele akavua koti, akaenda kwenye yale mawe makubwa aliyoyaleta mwenyewe, akaanza kuyasukuma.

Gari la kwanza kupita lilikuwa la wagonjwa, limekuja kumchukua mama mwingine aliyeshikwa na uchungu. Masele alimwelekeza dereva kwa mikono. Katarina, kando ya njia, alisikia kokoto zikisagika chini ya magurudumu, na roho ikamuuma kana kwamba wanamkanyaga Dionis mwenyewe. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hata msibani hakukitoa. Dereva alipunguza mwendo, akashusha kioo amuulize kulikoni. Katarina, machozi yakimtiririka, akampungia mkono apite, asisimame hapo njiani.