Namba Kumi kwenye Ubao wa Fundi Baiskeli

Puh. Kimya kidogo. Puh-puh.

Niliusikia mlio huo kabla sijaona chochote, asubuhi ya siku ya pili tangu nirudi Mpanda, nikitembea barabara ya kwenda Kakese. Ulitoka nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma. Mtu alikuwa akipiga ngumi kiroba kilichojazwa pumba za mpunga. Sikuhitaji kuchungulia, kwa sababu kiroba cha pumba kina sauti yake. Hakilii kama cha mchanga. Kinapumua. Nikasimama pale mpaka mama mmoja mwenye ndoo kichwani akaniuliza, "Dada, umepotea?" Nikamwambia hapana. Lakini tangu saa ile sijakaa kitako nikatulia, na ndiyo maana nakusimulia wewe.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, Jumapili zetu zilikuwa za ngumi. Baada ya ibada bibi yangu aliniamuru nipepete mchele, kisha nichote maji mara mbili, na nikimaliza niko huru. Mchele ulitoka kijijini Mamba kwa ndugu zake, ule wenye harufu inayokukuta njiani, na alipouinjika na maharage yake ya nazi nilikuwa nimeshakimbilia kwa fundi baiskeli. Chumba chake kilinuka grisi na gundi ya kuzibia tairi. Ukutani palikuwa na ubao mweusi, uliotupwa na shule baada ya kupasuka kona moja. Aliyeuleta ni mwalimu mstaafu, na yeye ndiye aliyeandika juu yake, kwa herufi za kitabuni: MABONDIA KUMI BORA WA WAKATI WOTE, MPANDA NA VITONGOJI VYAKE.

Usicheke. Watu wazima walikosana kwa ajili ya ubao ule. Mwalimu na fundi walikuwa wanahistoria wa ngumi, hakuna jina jingine la kuwapa. Mwalimu alikuwa na bahasha iliyojaa matangazo ya mapambano, yale ya kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi za manila, aliyoyabandua ukutani kwa miaka mingi. Fundi hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na macho yake.

"Huyu ameshinda mara kumi na nne," mwalimu angesema.

"Amewapiga nani? Wapiga debe na wauza nyanya! Namba tano wangu kapoteza mara mbili, lakini kapoteza kwa wanaume."

"Kupoteza ni kupoteza, bwana fundi."

"Mwalimu, wewe unapanga watu kama matokeo ya darasa la saba."

"Na wewe unawapanga kama baiskeli. Inayong'aa ndiyo nzima."

Tulicheka wote. Mimi nilikuwa mwandishi wa ubao, kwa sababu mikono ya mwalimu ilikuwa imeanza kutetemeka na mwandiko wa fundi aliusoma mwenyewe tu. Sheria ilikuwa moja: hakuna jina linaloingia bila karatasi, au mashahidi wawili walioona kwa macho. "Historia isiyo na ushahidi ni porojo," mwalimu alipenda kusema, na mimi nilimwamini kama nilivyoamini meza ya kuzidisha.

Jirani yetu alikuja kila Jumapili na kukaa juu ya ringi ya baiskeli iliyopinda. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikulia kwenye makazi ya wakimbizi, akahamia mtaani kwetu kulima na kuuza mihogo. Alikuwa amesubiri miaka mingi karatasi ya uraia, hata alipoipata aliikunja ndani ya Biblia na kila wiki aliichungulia kama ipo. Ujana wake alipigana kwa jina la Nyundo, kwenye ulingo wa kamba za katani huko Kasekese. Aliomba mara moja tu.

"Mwalimu, hata namba kumi. Wanangu wanasema natunga."

"Una tangazo, mzee?"

"Kule nani alitunza matangazo?"

"Mashahidi?"

Jirani akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshaulizwa hivyo kwenye madirisha mengi ya ofisi. "Karatasi tena," akasema taratibu, akarudi kwenye ringi yake.

Sikulala vizuri wiki ile. Nikamwuliza bibi, maana aliwahi kuuza wali kwenye mapambano ya Kasekese. Akakumbuka! Akamkumbuka Nyundo, na mpinzani wake akamtaja kwa jina, na kwamba raundi ya nne mtu mmoja alibebwa.

"Nani alibebwa, bibi?"

"Mjukuu wangu, nilikuwa napakua. Nilisikia kelele tu."

Basi mimi nikajaza pale alipopaacha bibi. Nikachukua manila, nikaandika kwa kalamu nene: NYUNDO, ALIYEMWANGUSHA fulani KWA KO RAUNDI YA NNE, ARUDI ULINGONI. Nikaichovya kwenye chai ya rangi, nikaianika juu ya bati, nikaikunja mpaka ikachakaa. Jumapili nikamwambia mwalimu nimeikuta kwenye sanduku la bibi. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota yai, akasema, "Binti, hii ni hazina." Nikapanda kigoda, nikafuta namba kumi, nikaandika Nyundo.

Mvua ilikuwa imeanza jirani alipoingia. Fundi alimpokea kwa makofi. "Bingwa! Tazama ubaoni!" Jirani akatazama. Midomo yake ikasoma herufi moja moja. Nilimwona akinyooka mgongo, na kwa muda mfupi niliona jinsi alivyokuwa akiwa na miaka ishirini. Kisha mwalimu akampa tangazo.

Akasoma mara mbili. Akalinusa. Akanitazama.

Unajua, mimi ndiye niliyeiandikia familia yake barua zote. Mwandiko wangu aliujua kuliko mwalimu. Nilisubiri anitaje.

"Karatasi hii imekosea," akasema. "Aliyebebwa ni mimi. Yule bwana alinipiga raundi ya nne, nikaamkia nyumbani kwa mama. Kama kuna namba kumi, ni yake. Binti, andika jina lake."

Nikafuta Nyundo, nikaandika.

"Subiri," mwalimu akasema. "Yeye ana ushahidi gani?"

"Mimi. Alinipiga mimi. Unataka shahidi gani zaidi ya huyo?"

Fundi akacheka kwa sauti, halafu akaacha. Mwalimu alikuwa ameshavua miwani. "Karatasi ikikosea sehemu moja, mzee, yote haifai. Na shahidi ni mmoja. Wanatakiwa wawili."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema karatasi ni yangu mimi, pambano ni la kweli, na bibi yupo nyumbani, aliwaona wote wawili wakipanda ulingoni. Huyo ndiye shahidi wa pili. Sentensi moja tu. Nilikuwa na chaki mkononi na fedheha shingoni, nikanyamaza, na mwalimu akalifuta lile jina kwa kiganja chake.

Chumba cha fundi sasa wanachaji simu. Mwalimu amefariki, fundi amehamia kwa mwanawe, bibi tumemzika, na ubao hakuna anayejua ulipokwenda. Lakini kinachonikosesha utulivu ni kwamba jina la yule bwana nimelisahau. Nililiandika mara mbili kwa mkono wangu, na limepotea. Siku hizi naandika hadithi, naishi kwa kubuni majina ya watu. Ningeweza kumpa moja sasa hivi, zuri, na wewe ungeliamini. Siwezi. Nilishamjazia bibi pengo mara moja.

Siku ile jirani hakugomba. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye suruali yake ya ibada, akasema, "Haya, mwalimu. Nyie ndio wenye ubao." Aliponipita aliniwekea mkono kichwani, mzito, wenye vifundo vilivyovunjika na kuunga vibaya, akauacha pale kidogo. Fundi akamwambia angoje mvua ikatike. Hakungoja. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, mpaka ukafungika.