Fimbo Niliyoichoma

Mjukuu wangu, mwanangu, kuna siku moja pale kisimani Kinna ambayo mimi huikumbuka kila nikikuona ukipita na bunduki ya homgadi begani na macho kwenye simu. Nimekuambia mara tatu na mara tatu umecheka. Leo naandika, ili ukitaka kucheka ucheke na karatasi.

Babu yako alikuwa homgadi kabla yako, akilinda kijiji kwa bunduki ya serikali. Alipopewa bunduki nilikuwa bibi arusi wa miezi michache tu, na nilitembea sokoni kama mke wa DC. Kitu kimoja kilinikera. Hakuacha fimbo yake ya kuchungia. Bunduki mgongoni, fimbo mkononi, kila siku.

"Wewe ni homgadi ama mtoto wa kuchunga mbuzi?" nikamwambia. "Wanawake wananicheka."

"Wacha wacheke," akasema, akaichukua akaenda.

Basi asubuhi moja aliitafuta asiione. Nilikuwa nimeivunja vipande nikaiweka chini ya sufuria. Akanywa chai yake, akatoka mikono mitupu.

Mchana huo huo kisima kilikuwa kimejaa watu na mifugo. Ilikuwa kiangazi, na kazi yake ilikuwa kulinda zamu za kunywesha. Mtu mmoja alitaka ng'ombe zake wapite mbele ya wengine, babu yako akawarudisha nyuma. Yule mtu akaenda kukaa kando. Baadaye akarudi akitabasamu, mkono wa kulia mbele. "Salaam aleikum, ndugu yangu. Tusameheane." Nani hukataa salamu? Babu yako akampa mkono. Ule wa kushoto ukatoka chini ya shuka na kisu cha kuchinjia.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wewe hucheka. Babu yako alitafuta bunduki. Alichomoa mkono wake, yote miwili ikapanda kwenye mkanda begani, tumbo likabaki wazi. Kisu kikaingia chini ya mbavu. Bunduki haikutoka hata begani! Mimi nilikuwa pale pale na jerikeni ya maji, nikamtupia yule mtu kichwani, akateleza kwenye matope, wanaume wakamkalia.

Wewe ulimjua babu yako akitembea ameshika ubavu, ukadhani ni uzee. Haikuwa uzee. Ilikuwa mimi.

Baba mkwe wangu alikuja hospitali, akamtazama mwanawe, halafu akanigeukia. "Fimbo yake iko wapi?"

"Niliichoma, baba. Nilichemshia chai."

Nilitamani anipige. Kisha akauliza, "Ilikuwa tamu?"

Hakuniambia kingine siku hiyo. Baadaye ndipo aliponieleza: bunduki ni ya mtu aliye mbali, ng'ambo ya mto mkavu wa laga. Aliyekufikia kifuani, mpaka uishushe na kuielekeza, yeye ameshamaliza. Fimbo ndiyo humwambia asimame pale pale alipo.

Na wewe! Alhamisi nilikuona soko la mbuzi. Mtu alikugonga bega kutoka nyuma na wewe ukacheka, bunduki inaning'inia kama kikapu. Angekuwa na kisu je? Hata bunduki yenyewe angeondoka nayo.

Kwa hivyo, mwanangu, shika haya. Mtu mwenye hasira asikukaribie kuliko urefu wa fimbo, hata akitabasamu. Msalimie kwa mdomo, anayekupenda hatakasirika. Tazama mikono yake, meno yake yaache. Akikurukia na kisu, sahau bunduki kwanza. Shughulika na ule mkono wenye kisu, upige, usukume, ruka kando, piga kelele, kimbia ukiweza. Kukimbia si aibu, mimi nimeosha vidonda nikajua aibu ni nini. Ukishapata nafasi kati yenu, hapo ndipo ukumbuke una bunduki, na Mungu akijalia usiihitaji.

Fimbo nimekukatia mwenyewe, nimeipaka samli mpaka inang'aa. Iko mlangoni. Kesho upite nayo. Vijana wenzako wakikucheka, waambie waje kwangu niwaonyeshe lile shati la babu yako lenye tundu la kisu, bado ninalo.

Mungu akurudishe kila jioni na mbavu zako zote, mwanangu. Akupe mke mwenye akili kuliko nilivyokuwa. Na chai atakayokupikia asubuhi, kuni zake ziwe kuni tu.