Siku Mama Alipoitikia Makofi

Mimi ni fundi cherehani, na mambo ya jukwaani niliyaokota kibandani kwangu, nyuma ya soko la Sumbawanga. Mwanamke aliyejifungua karibuni ukimzungushia futi kiunoni, kabla hujasoma namba ameshaanza kusimulia. Huyu anakwambia alivyozalia njiani. Yule anakwambia mtoto alilia mchana na usiku mpaka yeye mwenyewe akawaza kutoroka arudi kwao. Mwingine hasemi kitu, anadondosha tu machozi juu ya kitambaa cha watu. Niliyasikia hayo kwa miaka, pini zikiwa mdomoni, na sikuyazoea hata kidogo. Nikikutana na mama yule yule sokoni anabishania bei ya dagaa, nilikuwa namtazama na kushangaa mtu anawezaje kufika kule alikofika, halafu akarudi kubishania dagaa.

Siku moja nikamwambia shoga yangu, mwenye duka la vitenge mtaa wa pili, kwamba maneno haya yanaishia kibandani kwangu na ni hasara.

"Sasa unataka tufanyeje? Tuyatangaze kwa spika?" akanicheka.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa spika."

Tukaazima ukumbi wa parokia kwa Jumamosi moja baada ya mavuno, kipindi kile upepo wa Ufipa unapotikisa mabati na kila mwanamke amevaa sweta juu ya kitenge. Nilidhani watakuja wateja wangu tu. Walijaa mpaka madirishani. Shoga yangu ndiye aliyefungua. Alisimulia alivyoshikwa na uchungu ndani ya lori la mumewe, wakipanda kutoka Mtowisa na magunia ya mpunga nyuma, na jinsi mumewe alivyokuwa akiomba dua kwa sauti kubwa kuliko yeye mwenye kuzaa. Watu walicheka hadi wakashikana. Kisha akafika pale mtoto alipotoka na hakulia, na lori lilikuwa limezimwa katikati ya mwinuko, na kulikuwa kimya. Ukumbini nako kukawa kimya vile vile. Mtoto mwenyewe, ambaye sasa ni msichana wa sekondari, alikuwa amekaa benchi la tatu akitazama viatu vyake. Nilisimama pembeni ya jukwaa na mwili ulinisisimka. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakisahau kukohoa.

Tangu hapo tunafanya kila baada ya mavuno. Kuna wanaosimulia, wanaoimba, wanaoigiza mawifi zao mpaka mawifi wenyewe wanatoka nje. Shoga yangu hutangaza, mimi huamrisha. Nina hasira za karibu, sifichi, na bila hasira hizo tungekuwa bado tunapanga mabenchi. Kila mtu dakika kumi, ukizidisha nakuonyesha mkono. Na kila mama akiitwa, watu wote wapige makofi mazito kabla hajafungua mdomo, maana nimeona jinsi magoti yanavyowagonga wakipanda zile ngazi. Sheria hiyo ya makofi niliitunga mimi na nilikuwa najivunia.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mama ni mkulima wa Mpui, wa mahindi na ulezi, na alikuwa na mdomo usiolala. Wakati wa kulima matuta, wanawake waligombania kukaa jirani naye ili wasikie maneno yake, na shamba likaisha hawajajua kama limeisha. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga. Kilichukua upande wa kulia, kikachukua na maneno, kikamwachia neno moja tu: "Basi." Akitaka maji, basi. Akiumia mguu, basi. Akimwona mjukuu, basi, na tabasamu la upande mmoja. Nilimleta kwangu mjini ili awe karibu na hospitali, apate mazoezi ya mkono na mguu, na kweli mguu ukaanza kukanyaga. Maneno hayakurudi. Majirani wakawa wanasema amekata kauli. Wengine walikuja kumjulia hali, wakakaa mbele yake kabisa, wakaniambia, "Mama yako alikuwa mcheshi sana." Alikuwa! Na yeye anawatazama. Damu ilikuwa inanichemka, nikawa nawahimiza chai waondoke.

Ndipo nikaamua kwamba mwaka ule mama atapanda jukwaani. Sikutaka aseme kitu. Angekaa tu kwenye kigoda, na mimi ningesimulia mbele yake alivyotulea, ili watu wamwone akiwa hai na wamshangilie akiwa hapo hapo.

Kaka yangu alipopata habari alikuja kutoka Mpui siku hiyo hiyo, akanikuta nakata gauni.

"Mdogo wangu, unataka kumuanika mama?"

"Nataka watu wamwone."

"Watamwona anahangaika kutafuta neno, wamcheke. Au wamwonee huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Mama si maonyesho."

Nilimjibu vibaya, siwezi kuandika nilivyomjibu. Yeye hakupandisha sauti. Alisema atakuja kwenye shughuli yangu, atakaa mbele, na mama akidhalilika mbele za watu, ataondoka naye siku hiyo hiyo kwenda Mpui na hatanirudishia. Ni mtoto wa kwanza, na baba hayupo. Neno lake kwetu ndilo la mwisho. Nilijua maana yake: mazoezi yangeishia hapo, na mguu uliokuwa umeanza kukanyaga ungelala tena. Nililiwaza hilo wiki nzima, na bado sikuahirisha. Kichwa changu ni kigumu, nimerithi.

Jumamosi ilipofika, kaka alikuwa benchi la mbele kama alivyoahidi, kofia magotini, hamtazami mtu. Wasimuliaji watatu wakapita. Wa nne alikuwa mama. Mimi na shoga yangu tulimshika huku na huku, tukampandisha, tukamketisha kwenye kigoda na kumfunika miguu kwa kitenge. Nikachukua maikrofoni. Shoga yangu akatangaza, na watu wakapiga makofi kama sheria yangu inavyosema, makofi mazito, ya kushangilia, marefu kuliko ya wengine wote.

Mama aliwatazama. Aliuinua mkono wake wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akaulaza pajani, kiganja juu. Kisha akaupiga kwa ule mzima, polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito. Pu. Pu. Pu.

Nilichelewa kuelewa. Kwetu Ufipa salamu si neno la kurusha ukiwa unapita. Unashuka chini, unapiga viganja taratibu, unauliza, unajibiwa, unaulizwa. Mama alipoona ukumbi mzima unampigia makofi, alijua jambo moja tu: watu wote hawa wananisalimia. Alikuwa anaitikia.

Jambo la kwanza lililonijia ni aibu. Nilimtazama kaka, nikaona amekaza taya. Nikainama, nikamnong'oneza mama, "Mama, wanakushangilia tu." Hata hakunigeukia. Akaendelea kupiga. Makofi ya watu yakaanza kufifia, wengine wakitazamana, na nikasema moyoni sasa watacheka, na jioni hii mama anaondoka.

Bibi mmoja wa benchi la mbele ndiye aliyetangulia kuelewa. Aliteremka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye saruji, akakunja viganja akamrudishia. Pu. Pu. Pu. Jirani yake akashuka. Kisha nikasikia mabenchi yanalia ukumbi mzima, safu baada ya safu, wanawake wanashuka na sweta zao na watoto wao mgongoni. Wanaume waliosimama ukutani wakachuchumaa. Shoga yangu, ambaye si Mfipa na kwao ni watu wa biashara na malori, alipiga magoti pale pale alipokuwa, akakunja viganja kama alivyoona wenzake. Hapakuwa na anayeshangilia tena. Kulikuwa na sauti ile moja tu, nzito na ya chini, inatoka kwa watu wote kwa pamoja, na upepo juu ya bati.

Mama akafungua mdomo. Nilikuwa nasubiri "basi".

"Mmeshindaje?" akasema kwa Kifipa. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa ya kwake.

Ukumbi ukaitikia, "Tumeshinda salama, mama."

"Na huko mtokako?"

"Ni salama."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na mashamba?"

Wakamjibu na hilo. Salamu yote ilitoka, hatua kwa hatua, bila kukosea mahali, kwa mtu ambaye tangu augue hakuwahi kuniomba hata maji kwa kuyataja.

Daktari aliniambia baadaye kwamba jambo hilo linajulikana, kwamba maneno ya mazoea hukaa sehemu yake kichwani na mtu anaweza kuyapata wakati mengine yamepotea. Sawa, namwamini. Wala sidai kwamba mama alipona siku ile. Mpaka leo maneno yanakuja na kuondoka yanavyotaka. Lakini kuelezwa hakujanipunguzia mshangao hata chembe. Nikikumbuka sauti ile ikitoka, nywele zinanisimama hata nikiwa kwenye cherehani.

Kilichonichoma ni kingine. Tangu augue, nyumbani tulikuwa tunamfupishia salamu. Tulifanya kwa huruma. Tuliona kumsalimia kwa ukamilifu ni kumtesa, maana atajibuje? Kwa hiyo tukawa tunaingia, tunasema "Shikamoo mama," tunajiitikia wenyewe marahaba, halafu tunamgeukia aliye karibu kumuuliza mama ameamkaje. Mimi, kaka, majirani, wote. Njia pekee ambayo maneno yake yangeweza kupita, sisi ndio tuliokuwa tumeifunga, na tukijiona tuna adabu.

Mama alipomaliza kuwasalimia wote, akafanya kama anavyofanya mtu mzima akiwakuta na wanawe katika kundi. Akaanza kututafuta. Macho yakatua kwa kaka.

"Na wewe, baba, umefikaje?"

Kaka yangu ni mtu mkubwa, ana shamba, ana ng'ombe, watu wanamwogopa. Alikuwa ameshachuchumaa na wengine. Sasa akapiga magoti kabisa, kofia ikaanguka. Akapiga viganja vyake vikubwa, akaitikia.

"Nimefika salama, mama."

"Wa nyumbani kwako?"

"Hawajambo, mama. Hawajambo wote." Alikuwa analia waziwazi, na hakuna aliyemtazama vibaya.

Halafu mama akageuza shingo taratibu, akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama peke yangu ukumbi mzima, maikrofoni mkononi, na hadithi yangu niliyoikariri ya jinsi alivyotulea. Huwezi kukunja viganja ukiwa umeshika maikrofoni. Nikaiweka sakafuni, ikapiga mluzi, nikashuka magotini mbele ya kigoda.

"Na wewe, mwanangu, umeshindaje?"

Nikamjibu kama alivyonifundisha nikiwa mdogo, neno kwa neno. Kisha akaningoja, maana ilikuwa zamu yangu kuuliza. Watu wa nyuma hawakusikia nilichosema, nilikisema kwa sauti ndogo mno.

"Na wewe, mama? Wewe umeshindaje?"

Midomo yake ilitafuta. Ukumbi mzima ulingoja, hakuna aliyemsaidia, na mimi niliuma ulimi nisimsaidie.

"Sijambo," akasema. Akavuta pumzi. "Ila uji... uji wako ni maji."

Alianza kucheka bibi wa mbele, wakafuata wote, kicheko kikapanda mpaka kwenye bati. Siku mama alipotoka hospitali tuliambiwa tumpe uji mwepesi kwanza, na mimi sikuwahi kubadilisha. Kila asubuhi alikuwa anasukuma kikombe, nami nikidhani ameshiba. Mwaka mzima na zaidi mama yangu alikuwa ana lalamiko la haki kabisa, na hakuna mtu aliyemuuliza.

"Nisamehe, mama," nikasema, nacheka na kulia. "Kesho nitaupika mzito."

"Unga wa ulezi nitakuwa naleta mimi," kaka akasema kutoka chini ya jukwaa, bado yuko magotini. "Kila mwezi. Nitauleta hapa hapa mjini, kwako, mama aliko."